Tapeli Mwenye Adabu

Matapeli wa simu siku hizi wana adabu kuliko vijana wengi ninaopishana nao mtaani. Hawaanzi na fedha, wanaanza na shikamoo. Ukishaitikia marahaba umekwisha kuwa mzee wa mazungumzo yale, na mzee hamkatii mtoto simu. Anamsikiliza shida yake mpaka mwisho. Kazi yao yote inafanyika hapo, kati ya marahaba yako na kwaheri usiyojua namna ya kuisema mapema.

Jambo hili lilianza kunikera hasa pale shangazi yangu alipostaafu. Amefundisha hesabu katika shule za msingi za Muheza mpaka akafundisha watoto wa wanafunzi wake, kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba wanaotapeliwa ni wasiojua kusoma. Kiinua mgongo kilipoingia benki alipewa kadi, ile yenye chipu, akaifunga kwenye kitambaa pamoja na kitambulisho cha NIDA. Haukupita muda, simu ikaita akiwa uani anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Pole na majukumu. Naongea na mwalimu?" Akamtaja kwa majina yake yote mawili.

Akajitambulisha kuwa anapiga kutoka benki, kitengo cha usalama wa kadi. Kuna mtu yuko Arusha dakika hiyo hiyo anajaribu kununua televisheni kwa kadi ya mama. Yeye ameuzuia ule muamala, ila mfumo utauachia baada ya dakika tano kama mwenye kadi hatathibitisha. Kisha akamsomea tarakimu sita za mwanzo za kadi yake. Shangazi akafungua kitambaa, akatazama. Zilikuwa zenyewe.

Hizo tarakimu sita ndizo zilizomlainisha, na nadhani zingemlainisha yeyote asiyejua zinatoka wapi. Si zake. Kadi inayoanza na 4 ni ya Visa, nyingi zinazoanza na 5 ni za Mastercard, na tarakimu sita za kwanza, siku hizi hadi nane, zinataja benki iliyoitoa kadi na aina ya kadi yenyewe. Kila mteja wa benki ile aliyepewa kadi ya aina ile anazo zilezile. Tapeli akiwa na kadi moja tu ya benki hiyo mfukoni, halali kabisa, yake mwenyewe, anaweza kumsomea mtu yeyote wa Muheza, wa Mbeya au wa Mafia mwanzo wa kadi yake, na kila mmoja ataguna na kusema kumbe huyu ananiona.

Na jina je? Jina ni rahisi zaidi. Ingia kwenye menyu ya kutuma pesa kwa simu, andika namba ya mtu na kiasi chochote, jina la mwenye laini litajitokeza kabla hujaweka namba ya siri. Lisome, kisha ghairi. Hakuna senti iliyotoka na jina unalo. Kipengele hiki kiliwekwa ili tusikosee kutuma, na ni kizuri, lakini nacho kimempa kila mwenye nia mbaya daftari la majina ya nchi nzima. Kwa hiyo mtu akikuita kwa majina yako mawili, amekuthibitishia jambo moja tu, kwamba anajua kutumia simu.

Kuna ujanja wa tatu ambao mwalimu wa hesabu angeupenda kama usingekuwa wizi. Tarakimu ya mwisho ya kadi haichaguliwi ovyo. Inakokotolewa kutokana na zile zilizotangulia, kwa kanuni aliyoibuni mhandisi wa IBM aitwaye Hans Peter Luhn katika miaka ya 1950, ili mashine ijue papo hapo kama mtu amekosea kuandika. Mtu anayeziandika tarakimu zako kwenye kompyuta akikusikiliza anaweza kuona kwamba hesabu haikai sawa, akakwambia kwa upole, "Mama, hapo katikati umekosea, hebu rudia." Unarudia, unakuta kweli ulikosea. Nani hatamwamini mtu wa namna hiyo?

Baada ya namba ndefu ilibaki tarehe ya mwisho wa kadi na zile tarakimu tatu za nyuma. Hizi tatu zina kazi moja. Namba ya mbele inaonwa na kila anayeishika kadi yako, kuanzia mhudumu wa hoteli hadi mtu wa kaunta ya supamaketi. Tatu za nyuma ziliongezwa ili anayenunua kwa mbali aonyeshe kwamba kadi anayo mkononi. Kanuni za makampuni ya kadi zinamkataza hata mfanyabiashara kuzihifadhi malipo yakishapita. Anayekuomba uzisome kwa simu anakuomba umkabidhi kadi, hata kama imebaki kwenye kitambaa chako. Mwisho kabisa ingefuata meseji yenye namba ya uthibitisho, ile wenyewe wanayoiita OTP, na tapeli angesema ni ya kufutia muamala wa Arusha, kumbe ndiyo ya kuukamilisha.

Shangazi hakufika huko. Alipoigeuza kadi aone zile tarakimu ndogo, hakuziona. Akasema, "Subiri mwanangu nikachukue miwani." Yule kijana akajibu haraka, na hapo kwa mara ya kwanza sauti yake ilipoteza upole, "Mama usikate simu. Na usimwambie mtu, anayekuibia anaweza kuwa wa humo humo ndani." Miwani ilikuwa chumbani, mkwewe yuko mlangoni anasuka mkeka. Akauliza, "Mama, unaongea na nani?" Shangazi akafungua mdomo kujibu: ni benki, wanataka namba za nyuma ya kadi, wanasema nisimwambie mtu. Aliposikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake mwenyewe, alisimama hapo hapo mlangoni. Mkwewe hakuhitaji kusema lolote.

Alikata simu bila kuaga. Iliita tena, na tena. Aliponisimulia jioni ile, hakuzungumzia sana fedha. Kilichokuwa kinamsumbua ni kwamba amemkatia mtu simu. "Na kama alikuwa wa benki kweli? Nimemwonea mtoto wa watu."

Hapo nilielewa kwamba ushauri tunaopewa kila siku hauligusi tatizo lenyewe. Tunaambiwa tusitoe namba ya siri. Nani asiyejua? Shangazi alijua, meseji ya benki inasema, tangazo la redio linasema. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia mwanamke wa umri wake kwamba anaruhusiwa kumkatia simu mtu anayemwita mama. Tumelelewa kuitikia, kusikiliza, kumpa nafasi anayezungumza amalize. Ni malezi mazuri na sitaki yafe. Ila yalitungwa kwa watu wanaoonana uso kwa uso, katika kijiji ambacho mtu akikudanganya asubuhi utakutana naye jioni kisimani. Anayepiga simu hatakutana nawe kisimani.

Nikiutazama mchezo wote naona umesimama juu ya dakika tano na lile "usimwambie mtu". Dakika tano zinakunyima kufikiri, siri inakunyima mtu wa kukusikiliza. Shangazi aliokolewa na macho mabovu na mkwe mdadisi. Hakuokolewa na elimu yake, wala na chipu iliyo kwenye kadi.

Kuna aina nyingine ya utapeli isiyohitaji hata kuzungumza, na nina hakika kila anayesoma hapa ameipata: meseji inayokuambia ile hela uitume kwenye namba hii, na jina litakalotokea ni la fulani. Haina salamu, haina mtumaji. Wengi tunacheka na kufuta. Tapeli hajali kicheko chako, kwa sababu ametupa jarife baharini na hakumlenga samaki mmoja. Akizituma nyingi za kutosha mwisho wa mwezi, kati ya wanaozipokea yumo mpangaji ambaye asubuhi hiyo mwenye nyumba alimkumbusha kodi, yumo mzazi anayedaiwa ada, yumo kijana aliyeahidi mchango wa harusi. Kwao meseji ile haishangazi hata kidogo. Rafiki yangu mmoja, mhasibu, mtu anayekagua hesabu za wengine kwa mshahara, alituma kodi ya miezi mitatu kwa namna hiyo akiwa kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bomba. Jina lilipotokea kwenye kioo lilikuwa si la mwenye nyumba wake, lakini meseji ilikuwa imeshamwandaa kwamba jina litakuwa lingine. Kizuizi kilichowekwa kumlinda ndicho kilichompa uhakika.

Wapo waliotegemea kwamba usajili wa laini kwa alama za vidole ungelimaliza jambo hili. Tunakumbuka foleni za NIDA mwishoni mwa 2019, tarehe ya mwisho ikasogezwa hadi Januari 20, 2020, kisha laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa. Usajili umesaidia, sikatai. Lakini kidole kinaweza kuazimwa bila mwenyewe kujua: bibi anaambiwa na kijana wa mwamvuli barabarani abonyeze tena, mashine haijasoma, kumbe ya pili inasajili laini nyingine. Ndiyo maana inafaa kupiga *106# mara moja moja uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Jina linalotokea wakati wa kutuma linaweza kuwa la mtu asiye na hatia aliyelala kwake bila kujua lolote.

Ripoti za mamlaka ya mawasiliano, TCRA, za kila robo mwaka zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro mbele ya mingine kwa majaribio ya utapeli wa simu. Jamaa zangu wa Sumbawanga, huko Rukwa, wamechoka. Miaka yote walitaniwa kwa uchawi, sasa wanataniwa kwa meseji, na mmoja wao aliniambia afadhali uchawi, maana ule angalau ulikuwa unaogopwa. Utani una mahali pake, lakini tapeli anayekuibia anaweza kuwa ghorofa ya juu ya nyumba unayoishi.

Tofauti moja kati yetu na ndugu zetu walioko ng'ambo inafaa kujulikana. Wengi wao wana kadi za mkopo, na nchini Marekani sheria imeweka ukomo wa dola 50 kwa hasara anayoweza kubebeshwa mwenye kadi ya mkopo pale inapotumika bila idhini yake. Fedha inayogombaniwa inakuwa bado ya benki. Kadi nyingi tulizonazo huku zinachota moja kwa moja kwenye akaunti, kwa hiyo ikitoka imetoka ya kwako, kiinua mgongo chenyewe, na wewe ndiye unayebaki kubisha hodi ofisi moja baada ya nyingine. Binamu yangu aliyeko Leicester ananiambia kwamba huko mtu akiitilia shaka simu anakata na kupiga 159, inamuunganisha na benki yake. Ila hata huko walijifunza kwa maumivu. Zamani kwenye simu za mezani, aliyepiga asipokata, laini ilibaki wazi hata kama wewe umeweka mkono wa simu chini. Tapeli alikuwa anakushauri mwenyewe, "Kama huniamini, kata upige namba iliyo nyuma ya kadi yako." Unakata, unainua, unasikia mlio wa kawaida, unapiga, anapokea mwenzake. Hakuwa ameondoka. Mlio ule alikuwa anakuchezea yeye. Simu zetu za mkononi hazibaki wazi namna hiyo, lakini namba inayoonekana kwenye kioo nayo inaweza kughushiwa, kwa hiyo kuiona namba ya benki siyo sawa na kuipiga.

Na kuna ombi moja ambalo halimtaji mtu wala fedha: unaambiwa ubonyeze **21* ikifuatiwa na namba fulani na reli, ili "laini isifungwe". Ukifanya hivyo simu zako zote zinaanza kuelekezwa kwake, pamoja na ile ambayo benki ingekupigia kukuuliza. Ukihisi umeshabonyeza, ##002# inafuta maelekezo ya namna hiyo yote.

Kinachoniudhi kuliko matapeli ni kicheko chetu. Mtu akisema ameibiwa pochi Kariakoo tunampa pole. Akisema amelizwa kwa simu tunamuuliza ilikuwaje mtu mzima kama yeye. Kwa hiyo hasemi. Mhasibu yule hakumwambia mkewe, akakopa ili alipe kodi mara ya pili, na mimi nimejua kwa sababu alinikopa mimi. Kila anayenyamaza anamwachia tapeli nafasi ya kutumia maneno yaleyale kwa jirani. Katika kikundi cha kina mama anachoweka akiba shangazi yangu, aliposimama na kueleza habari ya kadi, mwenzake mmoja alianza kulia: yeye alikuwa ameshasoma namba zote, mpaka ile ya meseji, na alikuwa amekaa nayo moyoni tangu mfungo. Wengine wawili wakasema nao. Walikuwa wanakutana kila Jumamosi.

Aliyepigwa anahitaji mwendo kabla ya pole. Kwanza benki, kadi ifungwe. Kama ni pesa za simu, piga 100 wakati huo huo, kwa sababu pesa ikiwa bado haijatolewa kwa wakala inaweza kuzuiwa. Kisha polisi kuchukua RB, yaani namba ya taarifa yako, na ile meseji na namba yake vitumwe 15040. Naona watu wengi wanatumia saa ya kwanza kumpigia tapeli na kumlaani. Saa hiyo ndiyo anayoitumia kutoa.

Nyumbani tumekubaliana swali. Mtu akipiga kwa namba ngeni akisema yeye ni fulani, amepoteza simu, yuko hospitali, anahitaji hela sasa hivi, anaulizwa kitu ambacho hakijaandikwa popote, na ambacho aliyelelewa nyumba ile hawezi kukisahau. Siku hizi kompyuta inaiga sauti ya mtu kutokana na vipande vya sauti alivyotuma WhatsApp, kwa hiyo kumtambua kwa sauti hakutoshi. Mjomba aliona tunamdharau. Alipoulizwa mara ya kwanza alifoka kwamba yeye ndiye aliyetuoza wote na hawezi kufanyiwa mtihani. Tukamwacha afoke, kisha tukamuuliza tena.

Mimi nimejifunza sentensi moja na ninaisema kwa utulivu, hata baada ya marahaba: "Ahsante mwanangu, nitapiga mwenyewe." Sisubiri jibu. Sibishani nao, ingawa ninaye rafiki anayefurahia kuwazungusha nusu saa na kuwatukana mwishoni. Mimi naona anawafundisha kazi bure. Kila swali analowauliza watakuwa na jibu lake kwa anayefuata.

Benki nazo zingetusaidia kama zisingeiga matapeli. Hivi karibuni nilipigiwa na mtu aliyesema anatoka benki ninayotumia, kwa namba ya kawaida ya simu ya mkononi, akitaka nithibitishe tarehe ya kuzaliwa kabla hajaniambia shida yenyewe. Nikasema sentensi yangu, nikakata. Kesho yake nikaenda tawini nikapanga foleni mpaka nikafika kwa dada wa dirishani. Akaangalia kompyuta, akaniambia ni kweli nilipigiwa, kadi yangu mpya imefika.

"Lakini ameandika hapa kwamba ulikata simu."

"Nilikata."

Akanitazama kama anayetaka kulaumu, kisha akainama kuitafuta bahasha yangu kwenye droo. "Hata mimi namba nisizozijua sipokei," akasema. "Weka sahihi hapa."